Siku Madebe Yalipotembea

Sogeeni, watoto, sogeeni. Anayetaka kukaa akae, anayetaka kulala chali alale. Masikio tu ndiyo yasilale.

Kuna kijiji kinaitwa Likwambi. Kila mwaka, mpunga ukishavunwa, watu wa Likwambi huvaa nguo zao nzuri. Hushika madebe, wakazunguka kijiji kizima wakipiga.

Kang'! Kang'! Kang'!

Nani aliyeanzisha mambo haya? Si mwenyekiti. Si mwalimu. Ni mtoto wa miaka sita, jina lake Siwema.

Zamani hizo, Siwema aliishi na mama yake na babu yake, Babu Lihumbo. Babu Lihumbo alikuwa bingwa wa kufukuza ndege.

Maana ndege wa Likwambi, jamani! Wenyewe wadogo hivi, lakini mpunga wanaufagia shamba zima.

Basi kila familia ilijenga dungu shambani. Dungu ni kichanja kirefu cha miti. Unapanda juu, unakaa na debe lako tupu, na ndege wakija, unapiga.

Na kila asubuhi, kabla ya kazi, mtu wa dungu hili alimwita jirani yake wa dungu lile.

Kang'! Kang'! Kang'! "Upo?"

Na yule alijibu.

Kang'! Kang'! Kang'! "Nipo!"

Hapo moyo unatulia. Unajua hupo peke yako.

Mwaka ule, Babu Lihumbo aliteleza kwenye ngazi ya dungu. Puu! Mguu ukavunjika.

Mpunga ukachanua, Babu yuko kitandani. Ndege wakaja, Babu yuko kitandani. Mpunga ukavunwa, ukatiwa maguniani, Babu bado yuko kitandani.

Mguu ulianza kupona. Moyo ndio haukupona.

"Shikamoo, Babu," alisema Siwema.

Babu hakuitikia. Aligeukia ukutani. Uji wake ukapoa, ukaota ngozi juu.

"Mama, Babu ana nini?" Siwema aliuliza.

Mama alishusha pumzi. "Msimu mzima hakuna aliyemwita, mwanangu. Anaona hana kazi tena."

Maskini Babu! Siwema aliumia sana. Alitaka kitu kimoja tu. Alitaka kumsikia babu yake akisema, "Nipo!"

Asubuhi moja Siwema alilichukua debe la Babu. Lilikuwa kuukuu, lina tundu pembeni. Akasimama chini ya dirisha la Babu.

Kang'! Kang'! Kang'! "Babu, upo?"

Kimya.

Akapiga kwa nguvu zaidi.

Kang'! Kang'! Kang'! "Babu, upo?"

Kimya.

Siwema akashika fimbo kwa mikono miwili. Akapiga mpaka meno yakatikisika.

KANG'! KANG'! KANG'!

Lo! Milango ikafunguka. Pa! Pa! Pa!

"Ndege! Ndege wamekuja!"

Watu wakatoka mbio, kila mtu na debe lake. Mwalimu Ngaponda alikuwa ananyoa ndevu. Akatoka na povu shavu moja. Bi Mkejina, jirani yao, alikuwa anasonga ugali. Akatoka na mwiko.

Wakampita Siwema pale pale dirishani, hao, shambani!

"Ngojeni!" Siwema alipiga kelele. "Hakuna ndege!"

Nani amsikie? Miguu ya watu wa Likwambi haiulizi. Ikisikia debe, inakimbia.

Wakafika shambani. Wakatazama kulia. Wakatazama kushoto.

Mpunga hakuna. Mabua matupu. Katikati ya mabua, chura mmoja amekaa, anawashangaa.

"Hivi," alisema Mwalimu Ngaponda, akijifuta povu, "si tulishavuna?"

"Tulivuna wiki iliyopita," alisema Bi Mkejina. "Mungu wangu, ugali wangu!"

Wakarudi kijijini wamevimba kwa hasira.

"Nani kapiga debe? Nani?"

Siwema alijificha nyuma ya debe. Lakini debe lilificha uso tu. Tumbo nje, miguu nje.

"Ni huyu!" alisema Bi Mkejina, mikono kiunoni. "Wahenga hawakukosea. Debe tupu haliachi kutika! Ndege wako wapi, wewe?"

Siwema alishusha debe.

"Hakuna ndege, Bi Mkejina. Naomba mnisamehe. Nilikuwa namwita Babu. Msimu mzima hakuna aliyemwita."

Watu waliangalia chini. Kila mmoja alikumbuka dungu la Babu Lihumbo. Lilikaa tupu msimu mzima, na wao walikuwa na haraka zao.

Mikono ya Bi Mkejina ikashuka kutoka kiunoni, pole pole.

"Tumefanya vibaya," alisema. "Tumefanya vibaya sana."

Akasogea dirishani. Akalipiga debe lake kwa mwiko wa ugali.

Kang'! Kang'! Kang'! "Mzee Lihumbo, upo?"

Kimya.

Mwalimu Ngaponda naye akasogea. Mama akasogea. Kijiji kizima kikasogea. Wakapiga wote pamoja.

KANG'! KANG'! KANG'! "MZEE LIHUMBO, UPO?"

Kuku wakaruka. Mbuzi akakata kamba. Halafu wote wakatega masikio.

Ndani, fimbo ikagonga kitanda.

Ko. Ko. Ko.

"Nipo!" ilisema sauti ya Babu. "Na mmechelewa! Ndege wangekuwa wameshamaliza mpunga wote!"

Ee, watu walicheka! Siwema alicheka huku machozi yanamtoka. Alikimbilia ndani, akamrukia Babu shingoni.

"Shikamoo, Babu!"

"Marahaba, mjukuu wangu. Marahaba sana. Uji uko wapi? Nina njaa."

Babu akanywa uji vikombe viwili. Kisha Mwalimu Ngaponda na vijana watatu wakambeba juu ya kiti chake, kama mfalme. Mbele alitembea Siwema na debe lenye tundu. Nyuma walitembea watu wote, wakipiga.

Walipita kisimani. Walipita shuleni. Kwenye kila nyumba yenye mgonjwa, au mzee asiyeweza kutoka, walisimama.

Kang'! Kang'! Kang'! "Upo?"

Na kutoka ndani, mtu alijibu, "Nipo!"

Bi Mkejina hakula ugali wake siku ile. Uliungua wote. Alikula kwa jirani.

Mwaka wa pili, mpunga ulipovunwa, watu waliulizana, "Vipi, hatutembei?" Wakatembea. Mwaka wa tatu wakatembea tena, na Babu Lihumbo alitembea kwa miguu yake mwenyewe, anachechemea, anapiga. Watoto wakaanza kuyapaka madebe rangi. Nyekundu, njano, buluu.

Miaka ikaenda. Siwema akakua. Akawa mama. Akawa bibi mwenye mvi.

Na kila mwaka, Siwema alitembea mbele na debe lile lenye tundu.

Lakini mwaka huu magoti yamegoma. Bibi Siwema anakaa kitandani, chini ya dirisha la Babu Lihumbo. Debe amempa mjukuu wake, Tunu, mwenye miaka sita.

Anasikia madebe kule kisimani. Kang', kang'. Anasikia madebe kule shuleni. Kang', kang'.

Halafu hasikii kitu.

"Wamekwenda," anawaza Bibi Siwema. Moyo unakuwa mzito. Anageukia ukutani.

Mara, nje, chini ya dirisha, anasikia debe moja tu. Debe kuukuu. Sauti ya tundu lake anaijua.

Kang'! Kang'! Kang'!

"Bibi, upo?"

Bibi Siwema anatafuta fimbo yake. Anagonga kitanda.

Ko. Ko. Ko.

"Nipo!" anasema. "Na mmechelewa!"

Nje, kijiji kizima kinacheka. Milango inafunguliwa, na kiti kinaingia. Bibi Siwema anabebwa juu, khanga yake mpya inapepea, na Tunu anatembea mbele.

Usiku umeingia sasa. Madebe yamefunikwa barazani. Chura analia shambani. Tunu amelala chumba hiki, Bibi amelala chumba kile.

Tunu anagonga ukuta kwa kidole.

Ko. Ko. Ko. "Bibi, upo?"

Ko. Ko. Ko.

"Nipo, mjukuu wangu. Lala."

Na Tunu akalala.