Barua Sita Zilizofunguliwa

Kila Jumamosi duka la Mama Nakala lilifunguliwa saa mbili kamili asubuhi, na kufikia saa tatu benchi la wateja lilikuwa limejaa. Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja chenye printa mbili, kompyuta moja, rafu ya karatasi na feni iliyozunguka kwa kulalamika. Watu walikuja hapo kutoa nakala za vyeti, kuchapa barua za kuomba kazi na kujalidi ripoti. Wengi hawakuja na karatasi mkononi. Walituma vyeti vyao kwa barua pepe ya duka, kisha wakaja kuketi na kusubiri zamu yao.

Siku za mapumziko Mama Nakala alisaidiwa na binti yake wa miaka kumi na miwili. Mtaa mzima ulimwita Chapuchapu, maana mtoto yule hakujua kutembea, alijua kukimbia tu. Alikula chapuchapu, alioga chapuchapu, na alipofagia, nusu ya vumbi ilibaki pale pale ilipokuwa. Kazi yake dukani ilikuwa kushika simu ya mama, kuangalia barua za wateja zinapoingia, na kutangaza ni ya nani imefika.

Simu ile ilikuwa na namba ya siri, na ilijifunga yenyewe kila baada ya nusu dakika. Jumamosi moja asubuhi Chapuchapu alikuwa ameiandika namba hiyo labda mara ishirini, na uvumilivu ukamwishia. Mama alipoinama kutoa karatasi iliyonasa kwenye printa, binti aliingia kwenye mipangilio ya simu, akaiondoa namba ya siri, na hakumwambia mtu. Alijiambia kuwa ni kwa faida ya wateja, wasicheleweshwe. Hilo lilikuwa kweli kidogo. Kweli zaidi ni kwamba kulikuwa na mchezo wa kupanga matofali humo simuni, na alitaka kuufikia haraka kila mama alipogeuza mgongo.

Saa nne mama akamkabidhi boksi la kadi za mwaliko.

"Mpelekee fundi cherehani, mtaa wa pili. Chukua na simu. Usipomkuta, piga simu ya jirani nikuelekeze. Na usisimame njiani, mwanangu."

"Sawa, mama."

Alisimama njiani. Karibu na bomba la maji wasichana watatu anaosoma nao walikuwa wakiruka kamba, na mmoja wao akamwita kwa sauti ya kumchokoza: "Chapuchapu! Njoo tuone kama miguu yako ina kasi kama mdomo wako!" Nani angevumilia maneno kama hayo? Aliweka boksi chini, akaweka simu juu ya ukuta mfupi, akaruka kamba mpaka jasho likamtoka. Kisha akakumbuka kadi, akabeba boksi, akatimua mbio.

Alipofika kwa fundi cherehani na kutia mkono mfukoni, mfuko ulikuwa mtupu. Aliacha boksi, akarudi bombani bila hata kuaga. Ukuta ulikuwepo, kamba ilikuwepo, simu haikuwepo.

"Kuna kaka mmoja alikaa hapo kidogo," alisema mmoja wa wasichana. "Ameondoka sasa hivi. Kwani vipi?"

Chapuchapu aliwaeleza. Walizunguka wote wanne, wakauliza kwa muuza matunda, wakauliza kwa fundi baiskeli, wasipate kitu. Njia ya kurudi dukani aliitembea kwa mara ya kwanza maishani mwake, hatua moja moja, machozi yakimlengalenga.

Alimweleza mama kuwa simu imepotea, akitegemea atafoka. Mama alishika kiuno, kisha akashusha pumzi.

"Wewe mzima?"

"Mzima, mama."

"Basi. Nimekasirika, usidhani sijakasirika. Lakini simu ina namba ya siri. Aliyeiokota atabaki kuitazama tu. Ngoja nimalize hawa wateja, mchana twende tukafunge laini."

Wateja wanne walikuwa kwenye benchi. Wa kwanza alikuwa babu mmoja aliyewahi kuwa dereva wa malori, ambaye mjukuu wake alikuwa anaomba nafasi ya chuo. Mama akarudi kwenye printa kana kwamba mambo yamekwisha.

Chapuchapu alikaa mbele ya kompyuta. Aliona aibu, na aliona pia mlango mdogo wa kutorokea. Nani alijua kuhusu namba ile? Hakuna. Akinyamaza, ataitwa mzembe kwa siku mbili na mambo yataisha. Akisema, ataitwa mzembe na mdanganyifu, na mama hatampa tena simu wala kazi.

Wakati akiwaza hayo aliangalia kioo cha kompyuta, ambapo barua pepe ya duka ilikuwa wazi kama kila siku. Barua ambayo haijasomwa huonekana kwa herufi nzito, na ikishafunguliwa, herufi zake huwa nyembamba. Barua kumi na moja zilikuwa na herufi nzito. Kisha zikawa kumi. Yeye hakugusa kitu. Mama alikuwa kwenye printa. Zikawa tisa.

Kuna mtu alikuwa anasoma.

Cheti cha kuzaliwa cha mtu. Nakala ya kitambulisho cha mtu. Zikawa nane mbele ya macho yake, na Chapuchapu akaona haya mambo hayamhusu yeye na mama peke yao. Alipiga moyo konde.

"Mama, simu haina namba ya siri."

Printa iliendelea kunguruma. Mama aligeuka polepole. "Unasemaje?"

"Niliiondoa mimi. Asubuhi, ulipokuwa unatoa karatasi iliyonasa. Na kuna mtu anafungua barua za wateja sasa hivi. Tazama."

Mama alitazama kioo, akakimbilia mlangoni na kumwita fundi simu wa duka la jirani kwa sauti iliyomfanya aje na bisibisi mkononi. Kisha akawageukia wateja. "Samahanini sana. Naomba robo saa."

Fundi simu alikuwa kijana mwembamba mwenye maneno mengi, lakini alipoelezwa aliyapunguza. "Tuanze na barua pepe," alisema. "Huo ndio ufunguo wa vyote. Mtu akiishika, anakwenda popote ulipojiandikisha, anabonyeza kwamba amesahau neno la siri, na majibu yote yanakuja humo humo. Bado hajakufungia nje. Badilisha neno la siri kabla hajalibadilisha yeye. Mimi napigia kampuni ya simu wafunge laini yako."

Mama alifungua ukurasa wa usalama. Kompyuta ikadai kwanza neno la siri la zamani. Mama akaandika. Si sahihi. Akafuta jasho, akaandika tena. Si sahihi.

"Sijaliandika huu mwaka wa pili," alisema. Kwenye kioo barua nyingine tatu zikawa nyembamba, moja baada ya nyingine. Zikabaki tano.

Mama alifumba macho, akafikiri, akaandika mara ya tatu. Ukurasa ukafunguka.

"Lilikuwa nini?" aliuliza fundi.

"Jina la mwanangu na mwaka aliozaliwa."

"Dada yangu! Hilo hata mbuzi angelibahatisha. Weka refu, maneno manne yasiyojuana, na usilitumie mahali pengine popote."

Mama aliandika jipya huku fundi akiwa amegeukia ukutani kwa adabu. Kisha wakafungua orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye barua pepe ile. Kompyuta ilikuwepo, na simu ilikuwepo. Kwanza waliifunga simu yenyewe kutoka mbali, kisha Chapuchapu akaielekezea kidole, mama akabonyeza kuiondoa. Wakafuta namba ya simu iliyopotea kwenye sehemu ya kurejesha akaunti, wakaweka ya shangazi yake Chapuchapu. Wakakagua kama yule mtu ameongeza anwani yake au ameagiza barua zitumwe kwake. Hakuwa amefanya hivyo. Mwisho fundi akathibitisha kuwa laini nayo imefungwa.

Wakakaa wakitazama kioo. Dakika moja ikapita, ya pili, ya tano. Barua tano zilibaki na herufi zake nzito, na hakuna aliyezigusa. Fundi akacheka, Mama Nakala naye akacheka huku akijifuta macho.

Lakini sita zilikuwa zimeshafunguliwa. Mama alizipitia moja moja, akaandika majina ya wenyewe. Moja ilikuwa ya babu dereva. Babu alikuwa amekaa hapo hapo kwenye benchi, amekunja mikono, hajaelewa nusu ya yaliyosemwa. Mama angeweza kunyamaza. Chapuchapu alimtazama aone atafanyaje.

"Babu," mama alisema, "vyeti vya mjukuu wako vimeonwa na mtu tusiyemjua. Ni uzembe wa duka langu. Tutaandika barua kwa chuo sasa hivi, bure, kuwajulisha, ili mtu asije akatumia jina lake."

Babu alikunja uso. "Na simu aliipoteza nani?"

"Mimi, babu," alisema Chapuchapu, akasimama. "Na namba ya siri niliiondoa mimi. Naomba unisamehe."

Babu akasema, "Nimeendesha lori miaka thelathini, na nimepata utingo wa kila aina wa kunisaidia njiani. Mmoja alilegeza nati ya breki akasahau kuikaza, akaniambia tukiwa bado stendi. Nilimgombeza sana, tukakaza, tukaondoka. Mwingine alifanya vile vile, akaogopa, akaja kuniambia tuko katikati ya mteremko. Wa kwanza nilikaa naye miaka tisa."

"Na wa pili?" aliuliza fundi simu.

"Wa pili tulilazwa naye wodi moja."

Wateja wote waliangua kicheko, lakini mama hakucheka. Alimshika binti yake bega, akamgeuza kuelekea kwenye benchi. "Umesikia. Kukosea umekosea, na wiki hii michezo yote basi. Ila umesema mapema, ndiyo maana zilifunguliwa sita, si kumi na moja. Na ile namba ya siri hatukuiweka kwa ajili ya simu, mwanangu. Tuliiweka kwa ajili ya hawa."

"Nimeelewa, mama."

Babu alijiinua kwa kushika goti, akatoa ndani ya koti bahasha yenye cheti halisi cha mjukuu wake. Alipita mbele ya mama, akapita mbele ya fundi, akaiweka mikononi mwa Chapuchapu.

"Nitolee nakala mbili," alisema, kisha akarudi kukaa.