Pembe Nne za Chumba cha Mama Mkwe

Nyongesa hufanya kazi kiwandani, lakini siku ya mapumziko hajui kuketi. Asubuhi hiyo alikuwa uani kwake, mtaani Umoja, akipima msingi wa chumba kidogo cha mabati. Mkewe, Khalayi, alikuwa anamngoja mama yake aje kutibiwa macho. Kwa desturi yao, mama mkwe halali chini ya paa moja na mkwewe. Bila chumba hicho, mama angebaki Bungoma na macho yake mabovu.

Kamba ilikuwa imezungushwa kwenye vigingi vinne. Fremu ya chuma ya kuta ilikuwa imeshachomelewa. Khalayi alikuwa anakoroga zege.

Jirani yao Mideva, fundi wa vigae, alichungulia langoni.

"Baba Triza, ngoja kwanza! Huo msingi umelala upande."

"Wapi!" Nyongesa alijibu. "Futi kumi huku, kumi kule. Kumi na mbili juu, kumi na mbili chini. Tepu haidanganyi."

"Na pembe ulipima?"

Nyongesa aliinama kuivuta kamba. Mjuaji akianza kuvuta kamba, ujue ameshikwa.

Mideva aliokota mbao nne, ndefu mbili na fupi mbili. Akaziunga kwa msumari mmoja kila kona, kisha akazisukuma. Umbo likalala.

"Pande zimebadilika urefu?"

"Hapana," alisema Khalayi. "Lakini kona mbili zimebana, mbili zimefunguka."

"Haya basi. Pembe nne za umbo la pande nne zikijumlishwa ni digrii mia tatu na sitini. Likilala hivi, zinazotazamana hulingana. Hii ikiwa themanini, ya kando yake ni mia moja. Na chumba kinataka tisini kila kona."

"Sasa nitapima pembe aje na sina kifaa chake?" aliuliza Nyongesa.

"Tumia hiyo tepu yako. Pima kona hadi kona, kimsalaba. Pande zinazotazamana zikilingana, na vipimo hivi viwili vikilingana, kila pembe ni tisini."

Walipima. Kimoja futi kumi na nne, kingine kumi na saba na inchi moja.

"Mungu wangu! Fremu ingekaaje juu ya msingi huu?" Nyongesa alishika kichwa.

"Shukuru zege bado iko kwa karai," Mideva alimwambia.

Khalayi alicheka kwa afueni mpaka akaketi juu ya mfuko wa simiti. Walisogeza vigingi mpaka vipimo vyote viwili vikawa futi kumi na tano na inchi saba. Ndipo wakamwaga zege.

Jumapili ya juma lililofuata, mama aliingia chumbani mwake, akafunga mlango. Ulifungika kwa kusukumwa mara moja tu, bila kukwama. Nyongesa, aliyesimama mbali kwa heshima, alisikia komeo likiingia. Akashusha pumzi.