Saa Kumi na Nne Angani

Usigeuze shingo. Ulimwona. Ulimwona mtaa wa tatu na kaptula ya nyumbani, anachagua nyanya, ukainamia simu yako kama umedondosha sindano humo. Haya, sikia ulichokinyamazia.

— Mwanangu anakuja lini?

Mama mkwe aliuliza hivyo kila akiamka. Fundi cherehani, mke wa huyo mwana, akaweka chini kijiko cha maziwa, akamfuta mdomo.

— Yuko mbali, mama. Ngoja nimpigie.

Mume akapokea kwa kunong'ona.

— Mke wangu, huku usiku wa manane, watu wamelala!

— Mama yako anaondoka. Anakutaja wewe tu. Panda ndege uje.

— Unadhani ndege ni bodaboda? Kilomita elfu kumi! Saa kumi na nne angani, bado kuunganisha. Hata nikitoka sasa hivi...

Nyuma yake kipaza sauti kikanguruma: "Wakazi wote, maji yatakatwa kesho! Jazeni ndoo zenu!"

Fundi akaganda. Gari hilohilo la matangazo lilikuwa limetoka kupita chini ya dirisha lake, na sauti hiyohiyo yenye mafua.

— Nini hicho?

— Aah... televisheni ya jirani.

— Jirani aliyelala?

Simu ikakatwa.

Alishuka ngazi mbiombio, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Kijiweni alimkuta Kipara, dereva wa bodaboda, rafiki wa mumewe tangu utoto.

— Gari la matangazo limeelekea wapi?

Kipara akatazama viatu vyake.

— Shemeji, mambo ya watu mimi...

— Miaka miwili namgeuza mama yake kitandani peke yangu. Yuko wapi?

— Mtaa wa tatu. Geti la bluu. Alirudi kitambo, mwaka wa pili huu. Wote tunajua, shemeji, ila hatukutaka kukuvunjia nyumba.

— Nyumba ipi? Washa pikipiki!

Geti lilifunguliwa na mwanamke mwenye mimba kubwa. Nyuma yake alisimama mume, simu bado mkononi.

— Wewe nani? mwanamke akauliza.

— Mimi ndiye kilomita elfu kumi, dada yangu. Mwulize mwenzio.

— Mke wangu, tusikilizane kwanza...

— Utasema mbele ya mama. Panda!

Hata jasho halikuwahi kumtoka njiani. Chumbani, mama yake akampapasa uso kwa vidole vilivyokauka.

— Umefika, baba? Upesi hivi?

— Nimefika, mama.

— Nilikuwa nakuonea huruma na hizo saa zote angani. Pole na safari. Kalale kwanza, umechoka.

Yule bwana akaanguka magotini, akalia kama mtoto. Mama alikata roho jioni ileile, bado akiwaambia watu wasimsumbue mwanawe, katoka mbali.

Baada ya mazishi mume akasimama mlangoni.

— Nisamehe. Nirudi nyumbani.

— Utarudije? Ndege si bodaboda.

Akafunga mlango. Kipara naye alikuja kutoa pole.

— Tulikuwa tunakustahi tu, shemeji.

— Miaka miwili, Kipara! Mama alikuwa hai, anaongea, anacheka. Mngesema siku moja tu.

Sasa wewe. Yupo mtu unayemjua, leo hii anasubiri ndege ambayo haijaruka. Acha kusoma. Mpigie. Mtajie mtaa, mtajie na rangi ya geti. Sasa hivi, wakati bado kuna wa kumwona.