Mama Yake Hakuwa na Z

"Jilo, sema ukweli. Umemfuta mama yangu?"

"Sijamfuta, Idman. Natafuta."

"Tangu asubuhi unatafuta."

Simu nilikuwa nimeibana kwa bega, vidole viko kwenye kibodi. Wiki iliyopita nilihamisha mafaili yote ya saiba yangu ya intaneti hapa Garissa kwenda kompyuta mpya. Humo mlikuwa na picha ya marehemu mama yake Idman, ya pekee aliyowahi kupigwa. Ile ya karatasi ilikwenda na mafuriko kambini Hagadera. Sasa picha za wateja, maelfu, zimechanganyika kama mbuzi siku ya mnada, na yake siioni.

"Kesho naenda Takaba kwa mjomba. Nikienda sirudi."

"Kwa sababu ya picha?"

"Eddo Timiro alinionya. Alisema huyo Mmunyoyaya wa mtoni si wa kabila letu, atakupa mashairi tu. Nikambishia, nikasema shangazi, huyu anatunza. Haya, umetunza nini?"

Damu ilinipanda. Mimi niliyejifundisha kutunga mashairi bila mwalimu, nikasema la kawaida tu:

"Mimi si mtu wa kupoteza vitu vya watu."

"Basi nipe."

Akakata. Nikatafuta tena: mama. Hooyo, mama kwa Kisomali. Nikachungulia pipa la taka. Hakuna. Nikamtumia ujumbe: "Faili uliipa jina wewe, mimi nilikuwa msikitini. Uliandika nini?"

Akajibu: "Jina lake. Wewe ungeandika nini?"

Nikapiga. Alipokea bila salamu.

"Nimeandika Zainab. Zeinab. Zaynab. Zenabu. Hakuna, wallahi. Kama nimemfuta, niambie nifanye nini, nitafanya."

Akauliza:

"Zote unaanza na Z?"

"Kwani Zainab inaanza na nini?"

"Kisomali hakina Z, Jilo. Mama yangu hakuwa na Z hata siku moja. Ni Saynab."

Nikaandika. Faili moja. Nikaibonyeza, na mwanamke mwenye shungi jeusi akanitazama, amekaza uso kama aliyekatazwa kucheka.

"Njoo," nikasema.

Alikuja mbio. Akaweka kiganja kwenye skrini, akalia bila sauti. Nikamsogezea kiti, hakukaa.

"Unasema unanipenda, na jina la mama yangu hujui kuliandika."

"Sasa najua."

"Basi ongea naye. Angekuwa hai, ungemwendea yeye. Mwambie shida yako."

Wateja walikuwa wanatutazama. Mimi siinamii mtu. Nikainama.

"Assalaam aleykum, mama Saynab. Naitwa Jilo. Nimekuja kumposa Idman."

Feni ya kompyuta ikavuma.

"Hajibu," Idman akasema.

"Akinyamaza, amekubali."

"Mama yangu? Huyo hata akikubali alikuwa anagombana." Akajifuta macho kwa ncha ya shungi. "Walete wazee wako Ijumaa. Mjomba nitampigia, asinisubiri."