Bondia Aliyetolewa Kwenye Fremu

Fremu ilikuwa bado ukutani, kioo chake kizima. Kilichokosekana ni picha.

"Ni ya ndondi," alisema mwenye nyumba, daktari wa meno. "Chapa ya toleo maalumu. Zilitoka nakala hamsini tu, kila moja ina namba na sahihi ya msanii kwa penseli. Haichapwi tena."

Inspekta alizungusha macho sebuleni. Kuta zilijaa wanamichezo: wakimbiaji, waogeleaji, kipa akiwa hewani.

"Hizi nyingine hazina thamani?"

"Yule kipa ana thamani kuliko zote."

"Na mwizi hakumgusa."

"Mwizi mnaye tayari, Inspekta. Fundi fremu alikuja juzi kubadilisha kioo. Nani mwingine humu anajua kufungua fremu?"

Ni kweli, fundi alikuwa mahabusu tangu asubuhi, akiapa kwamba hajui lolote. Inspekta aliishusha fremu, akaigeuza. Karatasi ya gundi iliyoziba mgongo wake ilikuwa imekatwa ovyo, kama kwa mkasi butu. Mtu wa kazi hiyo hakati hivyo, alijisemea.

Mtaalamu wa alama za vidole alipaka unga wake kwenye kioo, akaguna.

"Afande, njoo uone. Vidole vidogo, vya mtu mmoja. Vimepitapita hapa chini tu, kwa wepesi."

"Kama anayepapasa." Inspekta alimgeukia daktari. "Hapa kwenye picha palikuwa na nini?"

Daktari alikohoa. "Uso wa bondia aliyeangushwa."

"Bondia gani?"

"Mdogo wangu. Marehemu."

Inspekta aliuliza, "Unaishi na nani humu?"

"Na mama tu. Lakini mama ni mtu mzima, hawezi..."

"Nipeleke kwake."

Mama alikuwa ameketi kitandani, miguu haifiki sakafuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, fundi fremu tumemweka ndani kwa sababu ya picha."

Uso wa mama ulibadilika. "Fundi? Masikini, hilo sikulijua. Mwachieni. Nimeitoa mimi."

Aliinua mto. Chini yake kulikuwa na vipande viwili vya picha. Kimoja alimpa mwanawe: bondia mshindi, mikono juu, na pembeni namba na sahihi. Cha pili alikilaza mapajani kifudifudi.

"Mama, umeiharibu," daktari alisema kwa sauti ndogo.

"Kila nikipita kwenda kunywa chai, namwona mwanangu anaanguka. Nilinyamaza. Nikasema labda ndivyo kaka yake anavyomkumbuka. Nikawa nampapasa uso, basi, napita zangu. Jana ukamwambia mgeni wako kwamba tangu afe, picha imepanda bei. Mkacheka. Mgeni alipotoka nikaishusha fremu, nikachukua mkasi wangu wa kushonea, kisha nikairudisha tupu ukutani."



Inspekta alisogea mlangoni, akapiga simu kituoni. Fundi aachiwe, aombwe radhi, arudishwe kwake kwa gari. Kisha akauliza, "Daktari, unafungua mashtaka?"

Alitikisa kichwa kukataa. Kile kipande chenye namba alikuwa amekishika kama mtu aliyepewa mzigo wa mwenzake. Akakiweka juu ya kabati.

"Mama," alisema, "naomba nimwone."

Mama hakumpa kipande. Alijisogeza, akampisha nafasi kitandani.

"Kaa hapa," alisema.