Mikono ya Jethro Wadlow

Jua lilikuwa linazama nilipokwenda klabuni kuchukua koti la mdogo wangu Silas. Koti tu. Lakini moyoni nilikuwa natokota.

Hapa Hallowdene kila mcheza kriketi anajua: ukifikia alama za Jethro Wadlow, yule bingwa wa kale aliyevuma Uingereza nzima, unaweka gongo chini na kutoka uwanjani. Ndivyo ilivyokuwa tangu azikwe na picha yake kutundikwa klabuni. Silas alizifikia mchana ule, akaanza kutoka. Mwenyekiti wetu, Bwana Quennell, alikuwa na wageni wake wa London, akamzuia mbele ya watu wote.

"Rudi ucheze, bwana. Au unaogopa picha?"

Watu wakacheka. Silas akarudi, akapiga, akampita marehemu. Tulipofika nyumbani akashindwa kushika kikombe cha chai. Vidole vimelegea, vya baridi. Na yeye ni mwezekaji wa mapaa ya nyasi. Bila mikono amekwisha.

Nikasukuma mlango wa klabu. Harufu ikanipiga puani... mafuta ya kitani, rangi mbichi. Picha ile ilikauka kabla bibi yangu hajazaliwa.

Nikainua taa. Wadlow alikuwa palepale ukutani, tumbo mbele, kashika gongo lake la kizamani lililopinda. Uso uleule wa majivuno. Lakini mikono...

Kidole kidogo cha kushoto kilikuwa kimepinda. Ukucha wa gumba, mweusi.

Ilikuwa mikono ya Silas.

"Rudisha," nikamwambia. "Rudisha, mwizi mkubwa wewe."

Tok... tok... Gongo likigonga sakafu, kama mchezaji anayesubiri mpira. Naapa alitabasamu. Hasira zikanipanda kichwani. Nikatoa kioo cha taa, nikasogeza moto kwenye turubai la picha.

"Dada... acha."

Silas alikuwa mlangoni, mikono ikining'inia, jasho likimtiririka.

"Unaniunguza," akanong'ona.

Nikaizima taa. Gizani, gongo likaendelea. Tok... tok...

Picha ingali pale. Kila Jumamosi Quennell huwapeleka wageni kuitazama, akiwasifia ile mikono, jinsi ilivyochorwa ikaonekana hai. Namsikia kupitia dirisha letu linaloelekea klabuni, kicheko chake na vyao, huku namlisha mdogo wangu supu kwa kijiko.