Moshi Ule ni Wetu

Kila asubuhi, kabla mama hajapiga kiki, Kipimo alikuwa amekwisha kumaliza kazi yake. Alifuta tangi kwa kitambaa laini, akabonyeza mnyororo kwa kidole kuona kama umelegea, kisha akafungua mlango wa uani na kusimama kando. Mama alipiga kiki, pikipiki ikakohoa. Akapiga tena, ikaitikia kwa sauti nyembamba na kali, na moshi wa buluu ukatambaa ukutani hadi kwenye madirisha ya majirani.

"Fundi huyo anaondoka," jirani alisema kutoka ndani. "Amkeni, wavivu nyie. Saa ya ukutani inaweza kudanganya, huyu hadanganyi."

Mama alikuwa fundi wa kuchomelea. Nusu ya madirisha ya mtaa ule yalipita mikononi mwake. Pikipiki yake haikuwa ya kubebea mizigo wala abiria. Ilikuwa ya mashindano, ndogo, nyepesi kiasi kwamba mama aliweza kuigeuza uani kwa kuisukuma na nyonga. Ukienda nayo polepole ilisinzia, lakini ukiivutia mafuta iliamka ghafla kama mtu aliyeitwa jina lake. Aliinunua ikiwa mifupa mitupu, injini ndani ya gunia, na watu wakamwuliza kama amenunua vyuma chakavu kwa kilo. Aliiunga kipande kwa kipande jioni baada ya kazi, mpaka siku ilipounguruma. Wale waliouliza habari za kilo wakaja kuomba kupiga nayo picha. Mama alikuwa bado anawakumbuka, mmoja mmoja.

Siku za kazi aliipanda kwenda karakana. Jumamosi aliivua vioo vya pembeni, akaifunga taa kwa utepe, akaipeleka kwenye uwanja wa mashindano.

Injini ya namna ile haina oili yake yenyewe. Oili huchanganywa ndani ya petroli kabla ya kumiminwa kwenye tangi, na lazima ipimwe vizuri. Mama alimfundisha binti yake kuipima kwa kikombe, akamwangalia mara kadhaa, kisha akamwachia dumu na hakuangalia tena. Hapo ndipo mtoto alipopata jina la Kipimo, na aliposikia akiitwa hivyo mbele za watu, shingo yake ilirefuka kidogo.

Shuleni mambo yalikuwa tofauti. Kulikuwa na mvulana darasani kwao waliyemwita Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia.

"Kipimo," alisema Redio siku ya Ijumaa, "mamako kapita kwetu jana. Nyanya yangu kaanua nguo zote, kazifua upya."

Wenzake wakacheka.

"Hata mbu wamehama mtaa," Redio akaendelea. "Pikipiki ya baba yangu haitoi moshi hata wa kiberiti. Kesho tunakuja uwanjani. Mwambie mamako atugawie vitambaa vya pua."

Kipimo alicheka pamoja nao, kicheko cha meno tu. Aibu ya kushonewa na wengine ina ubaya huo: huchelewi kuivaa, na ukishaivaa unaona kama ni ngozi yako.

Jioni ile alikaa uani na dumu la petroli ya Jumamosi. Alijaza kikombe cha oili kama kawaida, akakitazama, kisha akarudisha sehemu kubwa kwenye chupa. Kilichobaki akakimimina, akatikisa dumu. Petroli yenye oili ya kutosha huwa na rangi ya chai ya rangi. Hii ilibaki nyeupe kama maji safi ya kunywa.

"Kesho watanyamaza," alijiambia.

Kesho yake Bibi alikwenda nao uwanjani na kiti chake cha kukunja. Alipofika getini alisimama, akaligusa lile geti la chuma kwa kiganja kama afanyavyo siku zote, ndipo akapita. Yeye na wenzake ndio waliovunja kokoto za barabara ile ya mashindano na kuzipanga kwa mikono. Kazi ilipokwisha, geti likafungwa mbele yao, wakaambiwa uwanja ni wa wanachama wa klabu tu. Walirudi kila Jumamosi wakakaa chini mbele ya geti, magari ya wanachama yasipate pa kupita, mpaka likafunguliwa kwa kila mtu.

"Unamwona yule mwenye kofia nyeupe?" Bibi alimnong'oneza mjukuu wake. "Alikuwa anatufukuza na mbwa. Leo ananiamkia. Nami naitika, lakini mbwa wake namkumbuka mpaka rangi."

Mama alikuwa tayari anamimina petroli ya dumu kwenye tangi. Huku anamimina, anajibizana na mwenye duka la vipuri, aliyekuja na pikipiki kubwa inayong'aa kama kabati jipya.

"Fundi, leo tena umekuja kutufukiza?"

"Kaa mbele yangu basi, hutaunusa moshi."

"Nitakaa."

"Kaa vizuri, usigeuke nyuma."

Kundi la kwanza lilikuwa barabarani. Kati yao kulikuwa na kijana mwenye pikipiki ndogo kama ya mama. Alipoingia kwenye kona, sauti ya injini yake ilikatika kama uzi. Gurudumu la nyuma likakwama, likaburuzika, na kijana akatupwa majanini. Aliinuka ameshika bega, uso umekunjamana. Watu wakamkimbilia.

"Mama, imekuwaje?" Kipimo aliuliza.

"Kiu," mama alisema, akivaa glovu. "Hizi zetu zinakunywa oili iliyomo ndani ya petroli. Ikiwa kidogo, pistoni inapata joto, inavimba, inakamata. Gurudumu linafunga hapo hapo. Kama uko kwenye kona, ndiyo hivyo ulivyoona." Akachukua helmeti. "Haya, wanaita kundi letu."

Kipimo aligeukia uzio. Redio na wenzake walikuwa wamejipanga pale, wanapunga mikono, wamejifunika pua kwa mashati. Akisema, wote watajua. Akisema, mama atachelewa, na dumu lile hataachiwa tena maisha yake yote. Mama alikuwa ameweka mguu kwenye kiki.

Kipimo alishika usukani kwa mikono miwili.

"Mama, usiwashe."

"Kuna nini?"

"Nilipunguza oili. Nilitaka isitoe moshi. Wanatucheka, mama."

Mama alivua helmeti polepole. Akafungua kifuniko cha tangi, akachungulia.

"Imekuwa maji," alisema. "Nimeimimina mwenyewe na sikutazama rangi. Unajua kwa nini?"

"Kwa sababu nachanganya mimi."

"Kwa sababu unachanganya wewe."

Kipimo aliona heri angepigwa kofi.

"Fundi, hatusubiri," mwanzishaji wa mashindano aliita.

"Msinisubiri."

Waliilaza pikipiki ubavu, mama upande mmoja, Bibi upande wa pili, wakamwaga petroli yote kurudi kwenye dumu. Mama akatoa chupa ya oili na kikombe kwenye mfuko wake, akamnyooshea binti yake.

"Pima."

"Mimi?"

"Kwani kuna Kipimo mwingine hapa?"

Kipimo alikumbuka oili iliyokuwemo, akaongeza iliyopungua, akatikisa dumu mpaka mabega yakauma. Rangi ya chai ikarudi. Wakati huo pikipiki nyingine zilikuwa zimeshaondoka, sauti zao ziko ng'ambo ya uwanja. Mama alimimina, akaiwasha, akaipasha moto kidogo, akaondoka peke yake. Moshi wa buluu ukafika kwenye uzio na kummeza Redio mzima. Kikohozi chake kilisikika mpaka kwa Bibi.

Kwenye sehemu zilizonyooka, zile kubwa zilikuwa na nguvu. Lakini kwenye kona zilikuwa nzito, zinapanga safari kabla ya kugeuka. Ya mama ililala, ikainuka, ikalala upande wa pili, inaamka na kulia. Alimpita mmoja, kisha wawili waliokuwa wanaoneana haya nani atangulie. Mzunguko wa mwisho, kwenye kona ile ile iliyomtupa kijana, alimpita mwenye duka la vipuri kwa ndani, na yule bwana akaumaliza mchezo akiwa ndani ya wingu la moshi.

Mama hakuwa wa kwanza. Alikuwa wa tatu, baada ya kuanza wa mwisho kabisa, na uwanja mzima ulisimama kwa ajili yake.

"Kipimo," Redio aliita kutoka kwenye uzio, macho yanamtoka machozi, "mwambie mamako Jumatatu apite tena kwetu."

"Na nguo za nyanya yako?"

"Nitafua mimi."

Mama alipowasili, Kipimo alishindwa kumtazama. Bibi alimvuta karibu na kiti chake.

"Ile kona mama yako aliyompitia mwenye duka, nani aliijenga?"

"Wewe, Bibi."

"Mimi na wenzangu. Na tulijua geti litafungwa. Mmoja wetu alisema, tutie udongo chini na kokoto juu, iwabomokee siku moja. Tukakataa. Hasira zetu tulizipeleka getini, hatukuzitia kwenye kokoto. Mtu anayelala na pikipiki pale hatazami chini, mjukuu wangu. Anaiamini mikono ambayo hajawahi kuiona. Leo aliyelala pale ni mama yako. Wakikucheka, wajibu, una mdomo. Lakini usipunje kazi kwa ajili yao, maana atakayeanguka si yule aliyekucheka. Leo umesema kweli na watu wanakutazama. Ndiyo maana mama yako amerudi akiwa juu ya pikipiki, hajarudi amebebwa."

Mama alimpa Kipimo helmeti aishike. "Umechelewa kusema," alisema, "lakini umesema kabla ya kiki. Twende nyumbani."

Jumatatu asubuhi dumu lilikuwa tayari uani. Mama alimimina petroli huku akiangalia mawingu, hakutazama rangi. Kipimo aliitazama kwa niaba yao wote wawili. Kisha akafungua mlango na kusimama katikati ya moshi, shingo ndefu, mpaka sauti ile ikapotea mtaa wa pili.